Honda ya marehemu baba: usiivute kwa bajaji

"Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa bwana shamba. Aliacha Honda CG125, kadi inaonyesha ni ya mwaka 1983. Aliacha kuiendesha 2011 miguu ilipoanza kumsumbua, ikawekwa bandani, na baadaye humo humo tukafuga kuku. Sasa nimejenga gereji ndogo ubavuni mwa nyumba, nina seti ya spana na muda wa jioni. Kiki haishuki hata kidogo. Fundi wa kijiweni anasema injini imekufa, ninunue ya Kichina, ataifunga kwa siku moja. Mwingine anasema nimimine dizeli kisha tuivute kwa bajaji mpaka ikubali. Tangi lina kutu, nimeshauriwa niweke tindikali ya betri. Tena nasikia petroli ya siku hizi isiyo na risasi inaua injini za zamani. Nataka iwake na ipendeze, ila kwenye kava la pembeni baba aliandika kwa brashi 'Haraka Haina Baraka', na hayo maandishi sitaki yapotee. Je, naweza kuifanya mwenyewe nyumbani, na nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni mengi ila nadhani hofu yako ni moja: usije ukakiharibu kwa mikono yako kitu ambacho mzee alikiacha kizima. Hofu hiyo ni nzuri, kaa nayo. Pikipiki iliyolala miaka mingi mara nyingi haiuawi na kulala. Inauawa siku ya kuamshwa, watu wanapokuwa na hamu ya kusikia mlio.

Kwa hiyo hapana, usiivute kwa bajaji. Na injini haijafa mpaka mtu aifungue aone. Fundi aliyetoa hukumu bila kutoa hata plagi amekuonea.

Fanya hivi kwanza. Weka nyutro, nyanyua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono. Likigoma hata kwenye nyutro, tatizo la kwanza ni breki zilizoshikana na ngoma au cheni iliyoganda kwa kutu, na hilo halihusiani na injini. Likizunguka, toa plagi, weka gia ya juu kabisa, kisha lisukume gurudumu mbele na nyuma polepole, kama unambembeleza mtoto. Kwenye gia ya juu una nguvu nyingi juu ya injini bila kuiumiza. Ukihisi inasogea kuliko ule ulegevu wa kawaida wa cheni na gia, pistoni iko huru na kinachogoma ni shafti ya kiki yenyewe, kazi ndogo kabisa. Nimeziona mbili za namna hiyo ambazo wenyewe walishazililia.

Ikiwa haisogei kabisa, basi ringi, zile pete nyembamba zinazoizunguka pistoni, zimeshikwa na kutu, na hapa nataka uelewe kinachotokea humo ndani, maana ukikielewa hutakubali ile bajaji. Pistoni ni aluminiamu, haipati kutu. Ringi zake na ukuta wa silinda ni chuma. Injini inapozimwa, mara nyingi valvu mojawapo hubaki wazi kidogo, na kwa miaka unyevu hupenya kupitia ekzosi au kabureta mpaka pale ringi zinapogusa ukuta. Kutu ikiota huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hujibana yenyewe kwenye ule mwanya mwembamba. Ukiivuta kwa nguvu ya bajaji, nguvu yote hupita kwenye gia, ikaingia kwenye konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, ikaishia kwenye ringi nyembamba kuliko ukucha wako. Ringi inakatika, kipande kinachora silinda kuanzia juu mpaka chini, na kazi ya kubadilisha ringi inageuka kazi ya silinda nzima.

Dizeli, kwa upande mwingine, si ushauri mbaya. Mimi huchanganya nusu kwa nusu mafuta ya taa na ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Mimina vijiko viwili vitatu kupitia tundu la plagi. Silinda ya CG imesimama karibu wima, kwa hiyo mchanganyiko utatulia juu ya pistoni na kushuka taratibu. Acha siku nzima. Kesho yake jaribu gurudumu, mbele na nyuma, kidogo tu. Ongeza kijiko. Nipe wiki mbili kabla hujaniambia imeshindikana.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi sikuwa na subira hiyo. Niliweka nondo fupi juu ya pistoni nikaigonga kwa nyundo. Nilitoboa kichwa cha pistoni, na bosi wangu alinikata posho miezi miwili. Ikikugomea kabisa baada ya wiki mbili, fungua silinda hedi, chonga kipande cha mti mgumu cha mviringo kinachoingia kwenye silinda, gonga juu yake kwa nyundo ya mpira, tena baada ya kulowesha upya.

Hata ikikubali mapema, usipige kiki. Fungua hedi uangalie. Kwenye CG kazi hii ni nyepesi kuliko pikipiki nyingi, kwa sababu haina cheni ya taimingi. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, iko chini, na valvu zinasukumwa na vijiti viwili virefu. Honda waliiweka hivyo makusudi. CG125 iliingia sokoni 1976 ikilenga nchi ambako pikipiki ni punda wa kazi na oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Ile injini yao nyingine yenye kamshafti juu ilikuwa inaharibika haraka kwa oili chafu, ndipo wakarudi kwenye vijiti.

Hedi ikitoka, shusha pistoni, futa ukuta wa silinda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha pitisha ukucha wako kutoka juu kwenda chini. Ukiona alama nyeusi lakini ukucha unateleza bila kukwama, hiyo ni kovu tu. Isugue kidogo kwa msasa laini uliolowa oili, kwa mizunguko inayokatizana, badilisha ringi, funga. Ukucha ukikwama, usijidanganye: silinda inakwenda kwa watu wa mashine waichonge na kuipatia pistoni ya saizi inayofuata. Hilo huwezi kulifanya gerejini kwako, wala mimi siwezi kwangu.

Na hapa nikupe habari njema. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mtaani kwenu zina injini iliyonakiliwa kutoka kwenye hiyohiyo ya baba yako. Ndiyo maana pistoni, ringi, gasketi, vijiti, klachi na plagi ya D8EA utazikuta dukani. Mtego ni mmoja: muuzaji akisikia "CG" anaweza kukupa vya 150. Pistoni yako ni ya milimita 56.5, ya 150 ni milimita 62. Nenda na kile cha zamani mfukoni, kilaze juu ya kipya hapohapo kaunta, tundu kwa tundu. Gasketi ikikosa tundu moja la oili, hutajua mpaka injini inoki.

Kwa sababu hiyohiyo siwezi kumdharau fundi wako wa kijiweni. Injini mpya ya Kichina ni jibu halali ikiwa shafti ya injini imeliwa na kutu au beringi zake zinanguruma, maana kukarabati shafti kunaweza kugharimu kuliko injini nzima. Ila jua unachonunua. Nyingi ya Honda za umri huo ni za volti 6 na platini, vile vidomo viwili vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche, ilhali injini mpya ni ya volti 12 na CDI, kiboksi cha elektroniki kinachofanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo nyaya, balbu, betri na honi vyote vinabadilika, na ile siku moja inakuwa wiki. Pia namba ya injini iko kwenye kadi. Ukiibadilisha bila kupeleka taarifa TRA, mamlaka ya mapato, siku ukisimamishwa barabarani utaeleza mpaka jua lizame. Mimi ningeanza na ya mzee. Ikishindikana nikafunga mpya, ile ya zamani ningeipaka oili, niifunge kwenye mfuko, niihifadhi.

Kabla hujagusa skrubu hata moja, neno kuhusu bisibisi. Skrubu za kava za injini ya Kijapani zina msalaba unaofanana na wa bisibisi yako, lakini haufanani kabisa. Umbo lake ni la kiwango cha Kijapani, na nyingine zina kinukta kidogo pembeni ya msalaba. Bisibisi ya kawaida hupanda juu na kuula msalaba ukabaki shimo la duara. Tafuta bisibisi ya kugonga, ile unayoipiga kwa nyundo nayo inazunguka, na ulowanishe skrubu tangu jana yake. Zinazotoka zipange kwenye trei la mayai, kila kishimo na kava lake. Naamini trei kwenu halikosi.

Nikirudi kwa kuku, nao wana sehemu yao katika kesi hii. Kinyesi cha kuku hutoa amonia, na amonia hula shaba na madini yanayotokana nayo. Kwa hiyo nyaya zako na jeti za kabureta zimeteseka kuliko kama pikipiki ingekaa ukumbini. Vua ganda la waya mahali pamoja karibu na soketi. Ukikuta shaba ndani ni nyeusi au ya kijani na inakatika kama kijiti, usihangaike kuunga vipande, tandaza nyaya upya. Chora kwanza mchoro wa rangi zote kwenye daftari, au piga picha, kisha badilisha moja baada ya nyingine. Ukiwa na volti 6, balbu ziwe za volti 6. Watu huweka za 12, taa ikififia wanalaumu Wajapani.

Platini huwa zimeota utando tu. Pitisha kipande cha kadi ngumu kilicholowa spiriti katikati yake mpaka kitoke safi, halafu weka mwanya wa milimita 0.3 mpaka 0.4. Mwanya wa tapeti, ule ulio juu ya valvu, kwa valvu zote mbili ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Nunua fila geji, zile bati nyembamba za kupimia mianya. Usiruhusu mtu akupimie kwa kipande cha kiwembe.

Kabureta: petroli ikikauka huacha gundi ya rangi ya asali, na ile jeti ndogo ya sailensi, yaani ya injini kunguruma taratibu bila kuvuta moto, ina tundu ambalo ukiliangalia kwenye mwanga ni kama ncha ya sindano. Usichokonoe kwa waya wa chuma, utalitanua na pikipiki haitatulia tena sailensi. Loweka kwa dawa ya kabureta, kisha chomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, upitishe taratibu. Malizia kwa upepo wa kompresa kwa mpiga pancha.

Tangi usiliwekee tindikali ya betri. Inakula kutu, kweli, kisha inaendelea kula bati, na maungio ya chini ndiyo ya kwanza kutoboka. Toa koki na kifuniko, ingiza kiganja cha nati ndogo au kipande cha cheni, tikisa ili kutu nene idondoke, hesabu nati zikitoka. Kisha ziba, jaza siki nyeupe, acha siku moja au mbili. Mwaga, suuza kwa maji yenye baking soda kuua ukali, suuza tena, na hapohapo likaushe kwa joto la jua na upepo, kwa sababu chuma kilichovuliwa kutu huota nyingine ndani ya saa chache. Likishakauka zungushia petroli kidogo iliyochanganywa na oili. Likivuja, usilipeleke kwa mchomeleaji likiwa na harufu ya petroli. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na cheche moja inatosha kuligeuza bomu. Atakayekubali kulichomelea bila kulijaza maji kwanza, chukua tangi lako uondoke.

Kuhusu risasi, ondoa wasiwasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na baba yako aliendesha mpaka 2011. Miaka mitano ilishajibu swali lako. Viti vya valvu vya Honda hizi ni vigumu vya kutosha.

Oili, sasa. Kwenye CG klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili za gari nyepesi za kisasa, zile zinazojisifu kuokoa mafuta, zina dawa ya utelezi inayofanya klachi iteleze. Tafuta ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA. Inaingia takribani lita moja, ila mwamuzi ni kijiti cha kupimia. Na kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: injini hii haina chujio la karatasi. Ina wavu chini, na upande wa kulia, kwenye ncha ya shafti, kuna kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni kwa kasi yake. Ya kwako itakuwa na tope jeusi, gumu kama nta. Nilishakwangua moja kwa bisibisi bapa likatoka pete nzima. Usipolisafisha, oili yako mpya itapita humo kwenda kwenye beringi.

Siku ya kuwasha usiweke tangi. Ning'iniza chupa ndogo yenye petroli mpya kwa mpira mfupi. Plagi ikiwa nje, piga kiki mara thelathini hivi ukiwa umefungua kifuniko cha tapeti, mpaka uone oili imefika juu na kulowesha. Ndipo rudisha plagi, uwashe, ukiwa nje ya gereji au mlango wazi kabisa. Moshi wa bluu dakika za mwanzo ni yale mafuta uliyomimina, usishtuke. Sikiliza. Tiki-tiki nyepesi kutoka juu ni tapeti, zitarekebishwa. Ngo-ngo nzito kutoka chini, inayoongezeka ukivuta moto, ni konrodi: zima papo hapo, usitafute sababu ya pili. Ikiunguruma vizuri nusu saa, mwaga ile oili ikiwa ya moto, weka nyingine.

Haya yote unayaweza. Ambayo ningependa mtu mzoefu akae nawe uso kwa uso ni machache: kuchonga silinda, kubana spoku na kunyoosha rimu, nyufa zozote kwenye fremu, na breki kabla hujaingia barabarani. Ukifungua ngoma, vumbi la breki shuu za zamani usilipulize kwa mdomo. Shuu za miaka hiyo nyingi zilikuwa na asbesto, na hiyo hukaa mapafuni. Futa kwa kitambaa kibichi, kitupe. Tairi zitupe pia hata kama zina meno, mpira wa umri huo unapasuka ukiwa kwenye mwendo. Karatasi nazo: kama kadi bado ina jina la marehemu, msimamizi wa mirathi ndiye anayeanza kuihamisha, na ni afadhali uanze mapema wakati injini imelowekwa.

Umeuliza uanzie wapi, na najua ulitamani nijibu rangi. Rangi ni ya mwisho. Utamwaga petroli, utaangusha spana, utachubua. Na mimi, kama ni yangu, fremu na tangi ningesafisha kwa sabuni na nta ya gari kwanza nione kilichopo chini ya vumbi kabla ya kumwita mpiga rangi. Rangi ya kiwandani ikishatoka hairudi, na mara nyingi chini ya uchafu kuna kazi nzuri bado.

Lile kava la pembeni ndilo la kwanza kabisa, leo, kabla ya spana nyingine yoyote. Ni plastiki, na mzee huenda alitumia rangi ya mafuta, kwa hiyo tina ya mpiga rangi itayeyusha maandishi na kava pamoja, na hata petroli ikidondoka itaacha doa. Livue kwa mikono miwili, maana vimeno vyake vya kushikia vimekauka na vinakatika ukilivuta upande mmoja. Lifute kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukijaribu kwanza kwenye ukingo ambao hauna herufi. Kisha likunje kwenye kanga, liweke ndani ya nyumba juu ya kabati, mpaka siku pikipiki itakapokuwa imesimama kwa magurudumu yake na koki haivuji.